UKUTA WA DARINI

Fungu: Kumbukumbu la Torati 22:8



Katika nchi ya Waisraeli dari za nyumba zilikuwa tambarare, na watu walipanda juu kupunga upepo jioni. Basi Musa awafundisha ya kwamba mwenye kujenga hajamaliza kazi yake mpaka amezungusha ukuta huko juu. Asipofanya hivyo, na mtu akianguka akafa, mwenye nyumba ana hatia ya damu. Angalieni neno hili, ndugu zangu. Hatia haikuanza siku mtu alipoanguka; ilianza siku nyumba ilipojengwa.

Sisi tukaao miguuni pa milima twayajua maangamizi ya maji. Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, alfajiri, sehemu ya Mlima Hanang iliyolowa kwa mvua kubwa ilimeguka. Tope, mawe na miti vikateremka juu ya Katesh na vijiji vya karibu, na watu zaidi ya 80 wakafa. Tena tarehe 12 Aprili 2024, mjini Arusha, basi lililochukua watoto wa shule lilikokotwa na maji ya korongo, na watoto wakafa maji.

Wako waulizao, “Watu wale walikuwa na dhambi gani?” Bwana wetu alipowataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikana ya kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu. Basi nasi tusiwahukumu waliokufa. Wako na wengine wasemao, “Ajali haina kinga.” Lakini wazee wale wale waliotuachia methali hiyo walisema pia, “Usipoziba ufa, utajenga ukuta.” Mtu akaaye na kungoja tu, akiita uvivu wake imani, amjaribu Mungu. Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, Dakta Martin Luther aliandika ya kwamba atamwomba Mungu amlinde, kisha atatumia dawa na kuepuka mahali asipohitajiwa. Bali jirani akimhitaji, hatamkimbia. Maombi na kazi huenda pamoja.

Basi ukuta wa darini kwa shule ni nini?

Kwanza, kuijua njia ya maji. Waulizeni wazee wenyeji wa mahali penu maji yalipita wapi zamani. Hapo pasilale mtoto. Safisheni mifereji, pigilieni mabati yaliyolegea, kateni matawi makavu yaliyo juu ya mabweni. Chagueni mahali pa juu pa kukimbilia, na njia ya kufika huko isiyovuka korongo.

Pili, kusikia onyo mapema. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza angalizo, au tahadhari, au tahadhari kubwa. Mmoja wenu apewe kazi ya kusikiliza kila siku, naye awe na mwenzake wa kumpokea zamu. Tena mwe na rafiki akaaye juu ya mto, awapigie simu. Maana mvua yaweza kunyesha mlimani huku kwenu jua likiwaka, kisha korongo kavu likajaa kwa dakika chache. Usiku wa mvua awepo wa kukesha. Mto ukianza kunguruma, au maji yakigeuka kuwa tope na kuleta matawi, apige kengele, wala asingoje ruhusa ya mtu.

Tatu, kuhesabu. Yule mchungaji wa kondoo 100 alijuaje ya kwamba mmoja amepotea? Alijua kwa sababu alikuwa amehesabu. Kila bweni liwe na orodha ya majina, na taa karibu na mlango. Mwanafunzi asiyeweza kutembea, au asiyeona, au aliye mgonjwa, awe na wenzake wawili waliotajwa kwa majina, ambao kazi yao ni kumchukua. Fanyeni zoezi hili kabla ya vuli na kabla ya masika, mchana na tena usiku, kwa maana gizani mtu hupotea hata katika njia aliyoizoea.

Nne, kujizuia. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 60 huchukua magari mengi. Mwalimu asiwavushe watoto kwa sababu ya kuchelewa mtihani au chakula. Ngurumo ikisikika, mpira ukome. Wote waingie katika jengo imara, wala wasijikinge chini ya mti, hata zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Na mafuriko yakiisha, maji ya kunywa yachemshwe, maana visima huchafuka, na kipindupindu hufuata.

Mambo haya ni madogo, tena hayana sifa. Mtu amwokoaye mtoto mtoni husifiwa; lakini aliyesafisha mfereji mwezi uliopita, nani amjua? Hata hivyo Katekisimo yatufundisha ya kwamba amri ya tano haitosheki kwa kutoua tu. Yatutaka tumsaidie jirani katika kila haja ya mwili wake.

Lakini tusiutegemee ukuta kwa wokovu wa roho zetu. Kimbilio letu ni Kristo, aliyeingia katika maji ya mauti kwa ajili yetu, nasi katika ubatizo tumevushwa pamoja naye. Kwa kuwa yeye ametuvusha, hatuna tena kazi ya kujiokoa nafsi zetu. Basi mikono yetu i huru kumshika jirani.

Kwa hiyo Jumapili ijayo, ibada ikiisha, msitawanyike upesi. Pandeni wote pamoja mpaka mahali penu pa juu, mkahesabiane kwa majina. Naye Bwana, aliyeikemea bahari ikatulia, awalinde kuingia kwenu na kutoka kwenu. Amina.