Kazi Iliyofunikwa

Methali isemayo uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, aghalabu hutumika kumsuta mtu aliyejipamba nje ilhali ndani mtupu. Lakini methali hiyo inachukulia jambo moja kuwa rahisi: kwamba yupo atakayeufunua mkakasi akaona. Kuna vyombo visivyofunuliwa. Avitumiaye huvitumia vikiwa vimefungwa, na aliyevitengeneza ndiye peke yake ajuaye kilichomo. Injini ya gari ni chombo cha namna hiyo, na suala linalozuka kwayo ni la kale kuliko magari yote: kazi ambayo hakuna atakayeiona inamdai nini aliyeifanya?

Suala hili hujidhihirisha zaidi uani kuliko gereji. Na tumchukue mtu mwenye pikapu kuukuu, Toyota Hilux yenye injini ya 22R, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1981, yenye silinda nne na ujazo unaokaribia lita 2.4. Gari linatoa moshi wa buluu, linakula oili, na asubuhi linapowashwa husikika mchakacho wa cheni upande wa mbele. Bei ya injini nyengine imemshinda, ama gari lilikuwa la marehemu baba yake na hataki kuliacha lioze. Basi huazima winchi ya mnyororo, akaifunga kwenye tawi nene la mwembe, akaing'oa injini na kuilaza juu ya meza ya mbao. Hapo ndipo anapoanza kuifumua.

Kufumua injini ni kuisoma historia yake kinyumenyume. Kila kifuniko kinachotoka husema jinsi gari lilivyotunzwa, au lilivyodhulumiwa. Masizi juu ya pistoni husema oili imekuwa ikipanda na kuungua. Katika injini ya aina hii, vile vipande vya plastiki vinavyoiongoza cheni huvunjika kwa uzee. Cheni ikalegea, ikaanza kuukwangua mfuniko wa mbele, na ikiachwa muda mrefu huutoboa mpaka kwenye njia ya maji, maji yakachanganyika na oili. Anayeufungua mfuniko huo huliona kovu lake waziwazi. Asiyeufungua hatalijua mpaka siku oili itakapogeuka rangi ya chai ya maziwa.

Kila silinda ya injini hii ina kipenyo cha milimita 92, na pistoni husafiri milimita 89 kila inapopanda au kushuka. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila pistoni hupanda na kushuka mara 50 katika sekunde moja. Nguvu yote hiyo hushushwa na konrodi mpaka kwenye kranki. Kinachozuia chuma kisilane na chuma ni utando wa oili uliopo baina ya kranki na beringi zake, na nafasi ya utando huo ni sehemu chache tu za mia za milimita, haizidi unene wa unywele. Nafasi hiyo ikipanuka, oili hukimbia, presha hushuka na beringi huanza kugonga. Asipotokea wa kuusikiliza mgongo huo, siku moja konrodi hukatika na kutoboa ubavu wa bloku.

Kwa hivyo kazi ya kuijenga upya injini, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya kupima. Kranki hupimwa kwa mikromita. Ringi hutiwa ndani ya silinda, na mwanya wa ncha zake ukapimwa kwa fila geji. Uzi mwembamba wa plastiki hulazwa juu ya kranki, beringi ikakazwa juu yake, kisha ikafunguliwa ili upana wa uzi ule uliopondeka useme nafasi ya oili ni kiasi gani. Kranki ikiwa imelika, njia ya sawa ni kuipeleka kwa mwenye mashine ya kukereza, ikapunguzwa robo ya milimita, na zikanunuliwa beringi za saizi hiyo.

Ila njia nyengine zipo, na mafundi wanazijua. Beringi za zamani hurudishwa, nyuma yake ikachomekwa karatasi ya fedha ili kuziba nafasi. Oili nzito hutiwa ili mgongo unyamaze kwa muda. Kwenye giaboksi inayolia, kutia vumbi la mbao ni hila kongwe ya biashara ya magari. Kisha bloku husuguliwa ikapakwa rangi, bolti zikakazwa, na injini ikarudishwa mahali pake. Baada ya hapo, ya kweli na ya uongo huwa hazitambulikani. Zikiwashwa, zote mbili hunguruma vizuri, na majirani hupiga makofi kwa zote mbili.

Mshairi hana fursa hii. Atungaye shairi la mizani kumi na sita, nane kwa nane, hawezi kuificha mizani iliyopotea. Msikilizaji yeyote mwenye vidole huihesabu, na hata asiyehesabu sikio lake hukwama pale ubeti unapochechemea. Kina kilichovunjika hujitangaza chenyewe. Mshairi hufanya kazi yake peupe, na hadhira ndiyo inayomlinda na uvivu wake. Mwenye injini anafanana zaidi na fundi wa kukalafati jahazi, apigiliaye pamba yenye mafuta katika nyufa za mbao, kisha deheni ikapakwa juu yake, chombo kikashushwa majini. Abiria hupanda akitazama tanga na rangi ya ubavu. Ufa uliorukwa upo chini ya maji, mahali asipoweza kutazama, na ndipo palipo na roho yake.

Plato, katika kitabu cha pili cha *Jamhuri*, anamfanya Glaucon asimulie habari za mchungaji wa Lydia aliyeokota pete yenye uwezo wa kumfanya asionekane. Kwa pete hiyo mchungaji alimtongoza malkia, akamuua mfalme na kuitwaa enzi. Glaucon anauliza: lau zingepatikana pete mbili, moja akavaa mwadilifu na nyengine akavaa dhalimu, si wote wawili wangeishia njia moja? Kwa maoni anayoyatetea, watu hutenda haki kwa kuwa wanaonekana. Ondoa macho ya watu, na haki itaondoka nayo. Gasketi ya injini ni pete ya namna hiyo. Ikishakazwa, aliyekuwa ndani haonekani tena.

Jibu jepesi ni kwamba njia ya mwongo ni fupi, na kwamba injini itasema. Jibu hili lina ukweli, kwani chuma hakihongeki wala hakidanganyiki kwa maneno matamu. Lakini halitoshi. Uongo wa ndani ya injini hauhitaji kudumu milele. Unahitaji kudumu mpaka gari libadilishe mikono. Oili nzito inaweza kuunyamazisha mgongo kwa majuma kadhaa, na majuma hayo yanatosha kwa mnunuzi kuja, kuwasha, kusikiliza, kutabasamu na kulipa. Njia ya mwongo ni fupi, ni kweli, ila mara nyingi mwongo huteremka kabla haijakwisha, akamwachia mwengine amalizie safari. Anayeutetea uaminifu kwa kuwa una faida ameuweka juu ya msingi utakaobomoka siku ile udanganyifu utakapolipa zaidi. Na siku hiyo huja.

Ni lazima basi kumtazama huyo anayemalizia safari. Katika visiwa hivi pikapu haikuwa chombo cha mtu mmoja. Imetiwa mabenchi na paa la mbao ikabeba abiria. Imebeba karafuu, madumu ya maji, wagonjwa na maharusi. Chukua gari kama hilo likipanda kilima cha Pemba, limejaa watu, na injini ikafa ghafla katikati ya mwinuko. Breki zenye kusaidiwa na mvuto wa hewa ya injini hupoteza msaada huo baada ya kukanyagwa mara chache tu, na pedali ikawa nzito mguuni mwa dereva wakati ule ule gari linapoanza kurudi nyuma. Miongoni mwa waliokaa kwenye mabenchi hakuna aliyekuwapo uani siku beringi ziliporudishwa. Hawakuulizwa. Hawamjui aliyefanya kazi ile wala yeye hawajui wao, na hata hivyo kwa muda wa safari ile wamemkabidhi uhai wao. Hii ndiyo maana halisi ya amana: si kitu alichopewa mtu mbele ya mashahidi peke yake, bali pia kile kilichomfikia bila ya mwenyewe kujua kwamba amekitoa.

Hapa huzuka pingamizi lenye uzito, nalo linastahili kusikilizwa kwa heshima. Ukamilifu ni anasa, husema mwenye pingamizi. Kranki mpya ina bei, kukereza kuna bei, na seti ya pistoni na ringi inaweza kula mapato ya miezi mingi. Mwenye gari ana watoto wa kulisha leo, na gari lisipotembea hakuna chakula. Kumwambia afanye kila kitu kwa kipimo cha kiwanda ni kumhubiria mwenye njaa fadhila za saumu. Watu wa pwani wameishi kwa viraka karne nyingi: kiraka cha tanga, kiraka cha wavu, kiraka cha kanzu. Iweje kiraka cha injini kiwe dhambi?

Pingamizi hili ni sahihi, ila halikatai kile linachodhani linakikataa. Kiraka cha tanga kinaonekana. Nahodha anakijua, baharia anakijua, na upepo ukizidi hulishusha tanga kwa sababu wanajua pale ni dhaifu. Kiraka si uongo. Ni ukweli wa mtu asiye na kitambaa kipya. Hali kadhalika beringi iliyochakaa ikarudishwa si uongo kwa dhati yake. Inakuwa uongo pale inapofunikwa kwa rangi mpya na kimya. Mwenye gari asemaye, "Beringi ni za zamani, usilipakie kupita kiasi, na presha ya oili ikishuka simama," amefanya kazi duni kwa uaminifu. Yule anayesema, "Injini nimeifanya yote mpya," hali ndani mna karatasi ya fedha, ameiba kitu kisichorudishwa kwa pesa, yaani uwezo wa mwenziwe kujihadhari.

Kutokana na hayo yapatikana jibu la suala la mwanzo. Kazi isiyoonekana haimdai mtu ukamilifu, kwani ukamilifu hauwezi kila mtu na hauwezi kila siku. Inamdai neno lililo sawa na kazi yenyewe. Pale ambapo jicho la mwengine haliwezi kufika, ulimi wa aliyefanya ndio jicho pekee lililobaki, na akiufunga amempofua mtu. Kwa mshairi neno ndilo kazi. Kwa fundi neno ni sehemu ya mwisho ya kazi, kama bolti ya mwisho, na injini iliyokazwa bila ya neno hilo haijakamilika hata kama inanguruma.

Yafaa kuongeza kuwa neno hilo lina msikilizaji wa mwanzo kabla ya mnunuzi na abiria. Ajengaye injini nyumbani ndiye fundi, ndiye mwenye mali na ndiye dereva. Yaonekana kana kwamba hapana wa kumdanganya. Lakini hapo ndipo udanganyifu unapoanzia. Uzi wa plastiki umepondeka ukaonesha nafasi kubwa kuliko inayoruhusiwa. Akapima tena, akainamisha kichwa kidogo, akausoma kwa upande, akapima mara ya tatu mpaka kipimo kikatoa jibu alilolitaka tangu mwanzo. Hajamwambia mtu uongo wowote. Ila tangu saa ile hana tena ukweli wa kumpa mwengine, kwa sababu mwenyewe ameupoteza. Mnunuzi akimuuliza baada ya mwaka, atajibu kwa moyo mkunjufu kwamba vipimo vyote vilikuwa sawa, na ataamini anachokisema. Glaucon aliihofia pete kwa yale ambayo mvaaji angewatenda wengine. Hakusema kwamba mvaaji naye, akishaizoea, huacha kujiona.

Dawa ya maradhi haya ni ndogo na ya kale: kuandika. Daftari la kurasa chache, kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza, na kila kipimo kikaandikwa mara kinapopatikana, kabla nafsi haijapata muda wa kujadiliana nacho. Silinda ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kilichobadilishwa na kilichorudishwa. Tarehe. Pale palipokosekana pesa, iandikwe kwamba pesa zilikosekana. Daftari hilo likae ndani ya gari, katika kijisanduku cha mbele, na siku gari litakapouzwa liende pamoja na ufunguo. Huenda mnunuzi akapunguza bei baada ya kulisoma. Huenda akaenda kwa mwengine ambaye gari lake lina rangi nzuri zaidi na halina daftari. Hasara hiyo ni ya kweli, na asiitarajie mtu kwamba atalipwa badala yake. Aliyeliandika atakuwa amemwachia mtu asiyemjua nafasi ya kuchagua, na abiria wa kilima kile watakuwa na dereva anayejua afanye nini sindano ya presha itakapoanza kushuka.