Je, Moyo Upone Kwanza Ndipo Tupeane Mikono?



Katika makazi yetu kuna swali ambalo wazazi wengi hulizungumza usiku, watoto wakishalala: mwanangu akimpenda mtoto wa watu waliotutenda mabaya, nifanye nini? Nikikataa, naambiwa sijasamehe. Nikikubali, naona kama nimewauza marehemu wangu.

Swali hili si letu peke yetu. Mwaka 2004 Radio Rwanda ya Kigali ilianza kurusha mchezo wa redio uitwao Musekeweya, yaani Pambazuko Jipya, uliotayarishwa na shirika la La Benevolencija. Tukumbuke kwamba miaka kumi kabla, mwaka 1994, redio nyingine ya mji ule ule, RTLM, ilikuwa ikiwachochea watu wawaue jirani zao Watutsi. Mchezo huu haukutaja kabila lolote. Ulisimulia habari za vijiji viwili, Bumanzi na Muhumuro. Ardhi ilikuwa haba, chakula kikapungua, wakubwa wakapendelea upande mmoja, na chuki ikazaa mashambulizi. Katikati ya hayo Batamuliza, binti wa Muhumuro, akapendana na Shema wa Bumanzi, hali kaka yake binti alikuwa miongoni mwa wachochezi. Wawili hao walishikilia pendo lao, wakawakusanya vijana kutafuta amani.

Wengine husema shida huwaunganisha watu. Mimi naona si shida yenyewe. Njaa ile iliyowafanya watu wa mchezo washambuliane ingeweza kuwafanya wagawane. Hapa kwetu foleni ya maji imeleta ngumi, na foleni hiyo hiyo imemfanya mama amtwike mwenziwe ndoo. Shida hutufikisha njia panda tu; njia tunaichagua wenyewe.

Kuna jambo la ajabu zaidi. Mtafiti wa Marekani, Elizabeth Levy Paluck, aliwalinganisha watu waliosikiliza mchezo huo kwa mwaka mmoja na wengine waliosikiliza mchezo wa afya, akachapisha matokeo mwaka 2009. Imani za ndani za wasikilizaji hazikubadilika sana. Yaliyobadilika ni mawazo yao juu ya mambo yanayokubalika katika jamii, pamoja na mwenendo wao. Vikundi vilipopewa redio ya kaseti kuwa zawadi, waliosikiliza habari za afya walielekea kumkabidhi kiongozi wa mahali bila maneno mengi. Waliosikiliza Musekeweya walijadiliana zaidi, wakatafuta namna ya kuitunza pamoja. Mkono ulitangulia, moyo ukabaki nyuma.

Mtu atauliza: je, huo si unafiki? Hapana. Mnafiki hutenda ili adanganye. Anayemsalimu jirani huku moyo ungali unauma, hutenda ili apone. Bwana Yesu alitoa mfano wa wana wawili (Mathayo 21:28-31). Mmoja alimkatalia baba yake, kisha akaenda shambani. Wa pili alikubali kwa maneno, asiende. Wa kwanza ndiye aliyetimiza mapenzi ya baba. Toba yake ilionekana miguuni.

Lakini tusimlazimishe aliyefiwa. Kusamehe si kusahau, wala si kufuta haki. Aliyeua na ajibu. Ninachosema ni kwamba kosa halirithiwi kama shamba. Nabii Ezekieli, sura ya 18, anatufundisha kuwa mwana hauchukui uovu wa baba yake. Basi kijana akija kuposa, tumwulize juu ya imani yake na mwenendo wake, na kama atamtunza binti yetu, jinsi tunavyomwuliza kijana yeyote.

Wengi wa marehemu wetu walihukumiwa kwa sababu ya ukoo tu. Tukimkataa asiye na hatia kwa sababu hiyo hiyo, hatuwatetei. Tunaurudia ule ubaya waliofanyiwa. Huko ndiko kuwasaliti.

Mzazi ambaye leo hawezi kusema ndiyo, asijilaumu. Aanze na salamu pale bombani. Kesho amkaribishe jirani maombi. Moyo utafuata polepole, naye Bwana ana subira.

Mungu awabariki. Amina.