Ganda la Risasi Si Dele la Kahawa

Wajukuu zangu wa Jang'ombe, juzi baada ya alasiri mmoja wenu alinijia barazani na kiroba kidogo mkononi. Akaniamkia kwa adabu, akakiweka chini, akaniuliza: "Babu, shaba hii inasafishwaje hata ing'are kama madele yako?" Nikafungua kiroba. Ndani nikakuta maganda ya risasi, yapata sitini, meusi meusi, mengine yana udongo wa shamba. Siku ile nilimjibu kwa maneno mafupi kwa sababu moyo ulinienda mbio. Leo namjibu kwa kirefu, nanyi nawajibu nyote, maana nimeshasikia kwamba si yeye peke yake anayeyaokota.

Mimi shaba naijua. Nimeshika masinia, madele, mabirika na misumari ya milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar tangu ndevu hazijaniota. Hata matarumbeta ya beni yamepita mikononi mwangu, na hilo kwa mtu wa mitaa hii, tulio na mtaa unaoitwa Matarumbeta, nalihesabu kuwa heshima. Najua ndimu na jivu, najua ukwaju na chumvi. Asidi ya ndimu huyeyusha ule weusi, na jivu lililochekechwa vizuri husugua bila kukwaruza. Lakini ukikisahau chombo ndani ya maji ya ndimu tangu magharibi hadi alfajiri, utakikuta kimegeuka rangi ya waridi. Vijana huifurahia rangi ile, wakadhani wamepata dhahabu. Shaba ya manjano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na asidi ile imekwisha kuila zinki ya juu, ikaacha shaba nyekundu yenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Dele likifikwa na hayo litaendelea kumimina kahawa. Ganda la risasi lina kazi nyingine.

Shaba ya ganda ni karibu sehemu 70 katika mia za shaba nyekundu na sehemu 30 za zinki. Kipimo hicho hakikuchaguliwa kwa ajili ya mng'aro. Bunduki inapolia, ganda hutanuka na kubana ukuta wa chumba lilimokaa, ili moto usimrudie mpigaji usoni, kisha hunywea kidogo lipate kutoka. Hayo hutokea kufumba na kufumbua, chini ya mgandamizo ambao kwa bunduki nyingi za vita hupita mara 3,000 ya mgandamizo wa hewa inayotuzunguka. Kila likipita katika kazi hiyo shaba yake huzidi kuwa ngumu, na shaba iliyozidi ugumu hupasuka. Mara nyingi shingo ndiyo hutangulia. Ufa wa karibu na kitako ndio wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa huanzia ndani, na kwa nje ganda utaliona linameta kama pete ya bibi harusi.

Kijana wangu akanionyesha kwenye simu yake watu wa Marekani wanavyoyaosha maganda nyumbani, wakayakausha, wakayapima urefu, kisha wakayajaza upya. "Babu, wenzetu wanafanya nyumbani kwao." Nikamwambia: kule sheria yao inawaruhusu, wana vipimo vilivyochapishwa kwa kila aina ya baruti, na wana mizani ya kupima vitu vidogo kuliko anavyopima sonara. Pamoja na yote hayo, wapo waliopoteza macho na vidole. Hapa kwetu, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inadai idhini kwa mwenye silaha na mwenye risasi, na kuzitengeneza uani kwako bila ruhusa ni jinai. Sitamfundisha mtu kujaza ganda. Na akitokea wa kuwafundisha, jiepusheni naye, hata akiwa ni rafiki.

Akaniambia hataki kujaza. Anataka kuyang'arisha tu, ayatoboe, afanye vibanio vya funguo awauzie watalii Forodhani. Nilimsadiki, na kwa kuwa nilimsadiki ndiyo maana naandika haya, kwani usafishaji wenyewe una hatari ambazo hakuna aliyemwonyesha.

Litazameni ganda kitakoni. Katikati mtaona kiduara kidogo. Hicho ndicho kikombe cha fataki. Pini ya bunduki ikikipiga, fataki hulipuka na kuiwasha baruti. Mtu akiona kiduara kina kibonyeo husema hiki kimekwisha. Si lazima kiwe kimekwisha. Pini huweza kupiga na fataki isiwake, ikakaa kimya humo, nawe ukaja na nyundo na msumari wako. Nimemwona kwa macho yangu mwenzangu wa kazi aliyegonga kitu kidogo kama punje ya mtama, akapoteza ncha ya kidole cha shahada. Maji hayaiui fataki kwa uhakika, wala mafuta ya taa. Na msiyakaushe maganda jikoni wala kwenye mkaa, kwa sababu moto hauulizi kama kilichomo ndani kizima au kimekufa.

Sasa nije kwenye lile linaloniumiza zaidi. Kiswahili chetu kina neno moja, risasi, na neno hilo linabeba vitu viwili: ile inayotoka mtutuni, na yale madini mazito, laini, ya kijivu yanayotumika kuitengeneza. Wazee wetu waliokuwa wakiziyeyusha na kuzimimina kwenye kalibu walijua ni kitu kimoja. Nyinyi mmebaki na maana ya kwanza, mkaisahau ya pili. Ule weusi uliomo ndani ya ganda si masizi kama ya sufuria. Fataki nyingi zimetengenezwa kwa chumvi za madini hayo ya risasi, na zinapowaka huacha vumbi lake ndani ya ganda. Kijana anayaweka maganda kwenye kopo lenye mchanga mkavu, anatikisa nusu saa, anafungua, na vumbi linapanda. Analivuta yeye. Linatua kwenye kanga ya mama yake, kwenye mkeka anaotambalia mdogo wake. Madini ya risasi hayana harufu wala ladha ya kumwonya mtu. Huingia kwenye mifupa yakakaa miaka mingi, na kwa mtoto mdogo hudhuru ubongo ungali unakua: anakuwa mzito wa kujifunza, na hakuna wa kumrudishia kilichopotea. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mama mjamzito naye humpitishia aliye tumboni. Nilimuuliza yule kijana alitumia chombo gani kuoshea yale machache aliyokwisha kuanza. Akasema karai. Karai gani? La kukandia unga wa chapati.

Wallahi, nilinyamaza kitambo kabla sijaweza kusema tena.

Jambo jingine ni dawa mnazonunua dukani. Ile ya kufutia vioo, baadhi ya aina zake, ina amonia, na amonia na shaba ya manjano hazipatani. Jeshi la Waingereza kule India lilikuwa likihifadhi risasi zake katika mabanda ya farasi, na kila majira ya mvua maganda yakawa yanapasuka yenyewe shingoni, bila kuguswa na mtu. Watu waliumiza vichwa miaka mingi. Mwaka 1921 wataalamu wa Kiingereza waliandika sababu yake: amonia itokayo kwenye mkojo wa farasi, pamoja na unyevu, iliingia katika shaba iliyokuwa bado imebeba mkazo wa kufinyangwa kiwandani. Hapa kwetu masika tunayajua, na chumvi ya bahari tunalala nayo. Kwa hiyo hata masinia ya bibi zenu msiyaguse kwa dawa hiyo. Na dawa ya kuondolea madoa msiichanganye na ndimu wala siki, inatoa hewa ya sumu.

Hao watalii nao, mkiwauzia, mnawatia matatani. Baadhi ya viwanja vya ndege huzuia hata ganda tupu, na mgeni atakapoulizwa amelipata wapi atautaja mtaa wenu.

Najua njaa ya skrepa ilivyo. Shaba ina bei kuliko chuma, ndiyo maana kila mmoja anatembea na sumaku mfukoni kujua ipi ni ipi. Hata hiyo bei mara nyingi mnaikosa, maana maganda mengi ya bunduki za SMG ni ya chuma kilichopakwa rangi au shaba juu juu. Lakini bei ya kilo isiwasahaulishe Ngara. Tarehe 8 Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga ya huko Ngara, mkoani Kagera, bomu la mkono lililookotwa na mtoto kama chuma chakavu lililipuka. Wanafunzi 5 walifariki, na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Mtoto yule hakuwa mkorofi. Aliona chuma, akawaza senti. Na wenye jamaa zao Dar es Salaam hawajasahau Mbagala ya Aprili 2009 na Gongo la Mboto ya Februari 2011, mabomu yalipolipuka ghalani mikononi mwa wanajeshi waliosomea kazi hiyo.

Hata bahari yetu ina yake. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliipiga kasri ya Sultani pale mbele ya mji kwa muda usiotimia saa moja. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ikaizamisha Pegasus ya Waingereza hapa hapa bandarini, na baadhi ya mabaharia wake wamezikwa Chapwani. Mvuvi akiwaletea kitu kizito cha mviringo kilichoota kutu na chaza, msikikwangue mjue ni nini. Kiacheni kilipo, wazuieni watoto, mwiteni sheha, au pigeni 112.

Kile kiroba hatukukichambua. Tulikiweka nyuma ya nyumba penye kivuli, mbali na watoto, tukaenda kwa sheha wetu mimi na yeye, naye akawaita askari. Kijana alikuwa akitetemeka akidhani atafungwa. Waliyapokea, wakayatazama moja moja, na katika sitini yale wakatenga mawili ambayo fataki zake hazijaguswa kabisa. Alipoyaona yale mawili aliangalia mikono yake.

Karai lile nimelitoboa kitako, halitumiki tena, na la kukandia unga nimewanunulia jipya. Kijana nimemwambia aje Jumamosi. Kuna mlango wa Malindi wenye misumari mingi iliyofanya ukijani, na mwenyewe hana haraka. Aje na ndimu, na kitambaa cha pamba kisicho na mshono.