Shaka Yako Ilete kwa Yesu

Somo: Marko 9:14–29

 

Leo sitapaza sauti sana. Nina neno ambalo nimelibeba moyoni kwa muda mrefu, na nimekuwa nikilikwepa kwa sababu nikilihubiri itabidi nijiseme mwenyewe. Mnanijua. Nimeokoka na nampenda Yesu. Lakini kuna miezi saba niliyosimama kwenye madhabahu hii kila Jumapili nikihubiri imani ambayo mimi mwenyewe sikuwa na uhakika nayo.

Wengi mnakumbuka ndugu yangu mdogo alipougua figo. Mlifunga pamoja nasi siku 21. Mlikesha. Akina mama walichanga, vijana wakapokezana kumpeleka hospitali kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Mtumishi mmoja mgeni alikuja akatamka kwamba hatakufa. Sote tulisema amina, na amina yangu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote.

Alhamisi moja alfajiri simu ikalia. Wiki iliyofuata tukamzika nyumbani. Siku ya pili yake, Jumapili, nilihubiri, na mkaniambia, "Pasta ana nguvu." Sikuwa na nguvu, wapendwa. Nilikuwa nimekufa ganzi.

Tangu siku ile, mgonjwa akija mbele aombewe, namwekea mikono, maneno yanatoka, lakini ndani yangu kuna swali: Je, kuna anayesikia? Niliona aibu. Pasta atamwambia nani? Nikiwaambia wazee wa kanisa watasema nimerudi nyuma. Nikimwambia mke wangu nitamvunja moyo. Basi nikanyamaza. Na shaka ukiinyamazia haiendi popote. Inakula kama mchwa. Kwa nje mlango unaonekana mzima, siku ukiusukuma kidole kinapenya.

Aliyegundua ni mama mmoja mzee wa hapa hapa, kati ya wale wanaofika mapema kupanga viti. Hapendi kutajwa, sitamtaja. Alinikuta baada ya ibada nimeketi peke yangu. Akaniambia, "Pasta, mwanangu, siku hizi unaomba kama mtu anayesoma barua ya mwenzake."

Nikamwaga yote. Nilitarajia anikemee, au akemee pepo. Wala hakufanya hivyo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Haya uliyoniambia mimi, umemwambia Yeye?"

Nikakosa jibu. Kwa miezi saba nilikuwa nimemwambia Mungu habari za wagonjwa wenu, za karo za watoto, hata za mabati ya kanisa. Hili nilimficha. Sijui nilidhani halioni!

Sasa tumtazame huyu baba katika Marko 9. Mtoto wake ameteseka tangu utotoni. Anaangushwa kwenye moto, anaangushwa majini. Baba amemleta kwa wanafunzi wa Yesu, na wameshindwa. Yesu anaposhuka mlimani anakuta nini? Anakuta watumishi na waandishi wanabishana, na mtoto bado ni mgonjwa. Mtu huyu alikuwa na kila sababu ya kumchukua mwanawe na kurudi nyumbani. Ameangushwa na watumishi, na umati wote umeona.

Nataka uone mambo matatu.

Jambo la kwanza: alileta alichokuwa nacho. Alimwambia Yesu, kama unaweza jambo lolote, tuhurumie. Hiyo "kama" ni shaka, na Yesu aliisikia, akaigusa. Ndipo yule baba akalia kwa sauti. Alikiri kwamba anaamini, na katika pumzi hiyo hiyo akaomba asaidiwe pale asipoamini. Sikia, mpendwa: Yesu hakumwambia nenda nyumbani ukaijaze kwanza imani yako, ikijaa urudi. Mtoto alifunguliwa siku ile ile, baba yake akiwa na imani na shaka ndani ya moyo mmoja. Mwambie jirani yako, "Njoo na ulicho nacho."

Jambo la pili: kumuuliza Yesu si kumwasi. Kumbuka Yohana Mbatizaji. Huyu ndiye aliyembatiza Yesu, akamshuhudia mbele ya watu. Lakini Mathayo 11 inamkuta gerezani, na kutoka gerezani anatuma wanafunzi wake wamuulize Yesu kama kweli ndiye, au wamngoje mwingine. Yesu hakumfokea. Aliwatuma warudi wamweleze waliyoyaona: vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanahubiriwa habari njema. Kisha akageukia makutano akamsifu Yohana mbele yao.

Lakini mlango wa gereza haukufunguka. Ukisoma mbele, Mathayo 14, Yohana alikatwa kichwa. Hapo ndipo mimi niliguswa. Yohana alipata jibu kutoka kwa Yesu, na jibu lile halikuwa kutoka gerezani. Mimi nilikuwa nimeamua kwamba kama Mungu hakumponya ndugu yangu, basi hakunisikia. Neno halikunipa ruhusa ya kusema hivyo.

Jambo la tatu: usitoroke ushirika. Yohana 20 inasema Tomaso hakuwapo Yesu alipowatokea wenzake. Wakamwambia, naye akakataa kuamini mpaka aone na kugusa. Sasa angalia: baada ya siku nane walikuwa ndani tena, na Tomaso alikuwa pamoja nao! Hakujitenga, na wale wengine hawakumfukuza. Hapo katikati yao ndipo Yesu alipomfikia.

Kanisa, hapa naomba tujirekebishe. Kwenye mazishi ya ndugu yangu, mtu alimwambia mjane wake kwamba tungeamini zaidi, mumewe angepona. Mtu wa kanisa! Yule mama alikuwa na watoto wawili pembeni yake na udongo bado mbichi. Tuache hayo. Yuda mstari wa 22 inatuagiza tuwahurumie wenye shaka. Mshirika akikuambia, "Siku hizi siwezi kuomba," usimpe hotuba. Muulize amekula. Kaa naye. Ukishindwa kabisa, fanya kama yule mama yangu, umuulize kama amemwambia Yesu.

Mtauliza, "Na wewe Pasta, ulifanya nini?" Jumatano ile nilikuja hapa usiku peke yangu. Nilipiga magoti nikamwambia Mungu kila kitu, hata kwamba nimemkasirikia. Sikusikia sauti. Sikuona mwanga. Nililia sana, nikarudi nyumbani nikalala hadi asubuhi, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa muda mrefu. Asubuhi nikamwambia mke wangu, naye akaniambia, "Nilikuwa najua. Nilikuwa nakuombea."

Kuanzia hapo nilisoma Marko kidogo kidogo kila asubuhi. Nikawatembelea wagonjwa bila kuwaahidi kile ambacho Mungu hakuniambia niwaahidi. Nikaandika maombi yangu kwenye daftari, hata yale ambayo hayajajibiwa. Imani haikurudi kwa siku moja. Katika Marko 4 Yesu alisema mbegu humea mkulima asijue jinsi gani, kwanza jani, tena suke, kisha punje. Ukipanda mahindi hufukui kila asubuhi kuona kama yameota. Unapalilia, unangoja mvua.

Bado sijui kwa nini ndugu yangu hakupona. Nikienda kwenye kaburi lake bado nauliza. Lakini sasa nikiuliza, najua ninayemuuliza, na leo nikimwombea mgonjwa hapa mbele, ninaomba kweli.

Kuna mtu amekuja leo akiwa ameamua kwamba hii ndiyo Jumapili yake ya mwisho. Mwana hajapona, kazi haijapatikana, ndoa imekataa kurudi. Umekuja kutuaga kimya kimya. Usiende hivyo. Kabla hujaondoka, mwambie Yesu kile ambacho hujamwambia. Alisema mtoto aletwe kwake. Na wewe mlete mtoto wako, na ile "kama" yako uilete pia.

Tuombe: Bwana Yesu, mimi hapa. Kuna mahali ninaamini, na kuna mahali nimeshindwa, na leo sikufichi. Nisamehe kwa kujifanya mzima mbele zako. Nishike mkono kama ulivyomshika yule kijana ambaye watu walisema amekufa, ukamsimamisha. Nifundishe kungoja, na unipe ndugu wa kungoja nao. Katika jina la Yesu. Amina.