Tungamo Lisilo na Mwenyewe

Katika depo za wanunuzi wa madini kwenye ukanda wa Likasi na Kakanda, huko Katanga nchini Kongo, mchimbaji huweka mfuko wake juu ya mizani akijua atabishana. Mnunuzi hugusisha kifaa chake kwenye jiwe, hutaja kiwango cha shaba au kobalti, kisha hukata kilo za unyevu. Mchimbaji hukataa. Wawili hao hubishania kila kitu isipokuwa jambo moja: hakuna anayedai kwamba kilo zimetoweka. Maji yakikauka yamekwenda hewani. Jiwe likisagwa kiwandani, kisichokuwa makinikia ni mabaki, na mabaki ya miaka mingi ya kiwanda cha Kakanda yapo hadi leo, yakiwa bado na kobalti ya kuwatia watu tamaa.

Imani hiyo Antoine Lavoisier aliiandika katika kitabu chake cha kemia cha mwaka 1789: katika kila badiliko, kiasi kilichoingia ni sawa na kilichotoka. Sishangai kwamba huyohuyo alikuwa mbia katika kampuni iliyomkusanyia kodi mfalme wa Ufaransa. Alizoea kufunga hesabu. Wanafalsafa nao waliipokea kwa mikono miwili. Kant alifika kusema kwamba pasipo kitu kinachodumu chini ya mabadiliko, tusingeweza hata kuyatambua mabadiliko yenyewe.

Kisha ikaja positroni. Mlinganyo wa Paul Dirac wa mwaka 1928 uliifungulia mlango, na mwaka 1932 Carl Anderson akaiona alama yake kwenye picha. Inafanana na elektroni kwa kila hali, ila chaji yake ni chanya. Zikikutana zikiwa zimetulia, zote mbili hazipo tena. Mahali pao kwa kawaida hutoka fotoni mbili za gama, yaani chembe za mwanga, kila moja na nishati ya elektronivolti 511,000, zikikimbia pande zinazopingana. Madaktari wa Nairobi wanaopiga picha za PET huzitegemea jozi hizo kujua saratani imejificha wapi. Na fotoni haina tungamo. Sisemi lake ni dogo, halipo kabisa. Basi vilivyokuwa na tungamo vimekwisha, vilivyobaki havina, na safari hii hakuna lundo la mabaki nyuma ya kiwanda.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba tungamo limegeuka nishati tupu. Mimi silipendi jibu hilo. Hakuna nishati tupu, kama ambavyo hakuna urefu mtupu usio wa kamba wala wa barabara. Nishati ni sifa ya kitu, na elektroni na positroni zilikuwa nayo tangu awali, kwa kiasi kilekile. Zilizogeuka ni zenyewe: zimekuwa mwanga.

Tuseme jozi hiyo tuliifungia ndani ya sanduku lenye kuta za vioo visivyopoteza chochote, tukaliweka juu ya mizani kali kuliko zote. Kabla ya kuangamizana kwao na baada yake, mizani ingesoma namba ileile. Mwanga unaoshuka hupata nishati kidogo, unaopanda hupoteza kidogo. Hivyo sakafu ya sanduku hugongwa kwa nguvu inayozidi ile ya dari kwa kiasi kidogo mno, na tofauti hiyo ndiyo uzito. Tungamo halijaenda popote. Ila ukiuliza ni la nani, hupati wa kumwonyesha. Si la fotoni ya kushoto wala si la fotoni ya kulia. Ni la zote mbili kwa pamoja.

Tena linategemea zinaelekea wapi. Fotoni mbili zikienda sambamba upande mmoja, tungamo lao la pamoja ni sifuri. Zikipeana mgongo, linarudi lote. Einstein, katika makala yake fupi ya Septemba 1905, alichagua hasa mfano wa kitu kinachotoa mwanga pande mbili zinazopingana, ili kitu chenyewe kibaki kimetulia huku kikipungua tungamo. Tungamo la kundi ni ile nishati inayobaki hata ukiutazama mkusanyiko wote ukiwa umesimama. Mwanga unaokwenda upande mmoja tu hausimami kamwe, hata uukimbilie vipi.

Msomaji mkaidi atasema hizi ni hesabu za karatasini. Ningekubaliana naye kama isingekuwa hoja ya Gregory Breit na John Wheeler ya mwaka 1934: fotoni mbili zenye nishati ya kutosha zikigongana uso kwa uso zinaweza kuzaa elektroni na positroni, ilhali zikienda sambamba haziwezi, hata nishati yao iwe kubwa namna gani. Kinachoamua kama maada itazaliwa au la si karatasi.

Sasa turudi kwenye mfuko wa depo. Shaba na kobalti karibu zote ni protoni na nyutroni. Kwaki zilizomo ndani ya protoni, ukizijumlisha tungamo zao, hazifiki hata asilimia 2 ya tungamo la protoni nzima. Sehemu kubwa ya linalobaki ni nishati ya mwendo na ya kushikana, pamoja na gluoni ambazo, kama fotoni, hazina tungamo. Mchimbaji anayebishania kilo 50 zake anabishania, kwa sehemu kubwa, vitu visivyoweza kupimwa kimoja kimoja. Sanduku la vioo tayari limo mgongoni mwake.

Shinkolobwe, karibu na Likasi, ndiko ilikochimbwa sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima. Husemwa kwamba tarehe 6 Agosti 1945 gramu 0.7 hivi ziligeuka nishati. Watu makumi ya maelfu waliokufa gramu haiwahusu. Lakini hata gramu hizo hazikufutika: ziliondoka na joto na mwanga, nyingine zikaenda hadi anga za juu, nje ya mizani yoyote.

Hapo ndipo sanduku langu linaponitia shaka. Mwanzoni mwa ulimwengu karibu maada yote iliangamizana na antimata, yaani chembe za kinyume kama positroni. Ziada ndogo, kiasi cha chembe moja kwa kila bilioni hivi, ndiyo iliyokuja kuwa nyota, sisi, na vilima vya Katanga. Mwanga wa wakati ule bado umetuzunguka. Arno Penzias na Robert Wilson waliunasa, wakautangaza mwaka 1965. Tangu ulipoachiliwa huru, mawimbi yake yamevutwa na kutanuka kwa anga mara 1,100 hivi, na nishati ya kila fotoni imepungua kwa kiasi hichohicho. Hakuna ukuta ulioipokea, kwa kuwa ulimwengu hauna ukuta, na kanuni ya kuhifadhi nishati hudai hali zisizobadilika na wakati, kama Emmy Noether alivyoonyesha mwaka 1918. Anga linalotanuka hubadilika. Nishati ile haikwenda popote, na hakuna kitabu cha hesabu ambamo imeandikwa.