Mshika Funguo na Mgawo Wake

Masomo: 1 Mambo ya Nyakati 9:17–34, Nehemia 13:4–14



Sura ya tisa ya Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati ni miongoni mwa zile ambazo wasomaji wetu wa zamu huomba waepushwe nazo. Majina juu ya majina, na mengine yanakwama kooni. Wiki hii nawaomba tuisome polepole kuanzia mstari wa 17, kwa sababu wamo humo watu wanaojulikana na kila kikundi cha sanaa lakini hawaonekani kwenye bango la tamasha.

Kuna mabawabu 212 waliochaguliwa kulinda malango. Wakuu wao wanne walikabidhiwa vyumba na hazina. Walilala kandokando ya nyumba ya Mungu, na kuifungua kila asubuhi ilikuwa juu yao. Wapo waliotunza vyombo vya ibada, vinatoka kwa hesabu na vinarudi kwa hesabu. Wapo wa unga, divai, mafuta na ubani. Matithia, mzaliwa wa kwanza wa Shalumu, ametajwa kwa jina kwa kuwa alisimamia vitu vya kikaangoni. Hebu fikiri: jina la mpishi limedumu katika Maandiko karne zote hizi! Ndipo, kwenye mstari wa 33, wanatokea waimbaji, na mwandishi anatueleza kwamba hao hawakupewa kazi nyingine, maana uimbaji wao ulikuwa wa mchana na usiku. Waliweza kuimba hivyo kwa kuwa lango lilikwisha kufunguliwa na mtu, vyombo vilikwisha kuhesabiwa, na chakula kilikuwa jikoni.

Unguja wanayajua mambo haya vizuri kuliko sisi. Pale Mji Mkongwe, mwaka 2002, kilianzishwa chuo cha muziki kinachoitwa Dhow Countries Music Academy, ambacho kwa miaka mingi kilikaa katika jengo la forodha ya zamani, likiitazama bahari. Vijana hufundishwa taarabu, ngoma na kidumbaki. Hushika udi, fidla, akodiani na ganuni. Mgeni akisikia muziki hupiga makofi na kuuliza jina la mpigaji. Lakini ganuni ina nyuzi zaidi ya sabini, na mbao zake hunywa unyevu wa bahari. Usiku mmoja tu unatosha kulegeza nyuzi. Lazima awepo mtu wa kuifunika, kuitia ndani, kujua nani ameazima fidla na ameirudisha na upinde wake au bila upinde. Awepo wa kuandika ada ya mwanafunzi aliyelipa nusu, wa kusaka fundi wa ngozi ya ngoma, wa kumwandikia mfadhili barua ya tatu baada ya mbili kukosa majibu. Wengi wa watu hao ni Waislamu, nami sioni taabu yoyote kujifunza kwao namna ya kuhudumu. Klabu kongwe ya taarabu, Ikhwani Safaa, ilianza mwaka 1905. Chama cha muziki hakivuki miaka mia moja kwa sauti nzuri peke yake.

Kwetu huku picha ni ileile, ila kipimo ni kidogo. Kwaya inapopanda madhabahuni saa nne, yuko kijana aliyefika saa kumi na mbili kuunganisha nyaya za spika na kujaribu maiki. Yuko mama aliyepiga pasi sare tangu jana, aliyeshona kifungo cha soprano mmoja anayejijua. Yuko aliyenunua luku kwa hela yake ili kinanda kisizimike katikati ya ubeti, na risiti ameiweka kwenye pochi akingoja kurudishiwa. Anangoja mpaka leo.

Hapo ndipo somo la pili linapotuwasha. Nehemia alikuwa ameondoka Yerusalemu, amerudi kwa mfalme Artashasta. Huku nyuma, kuhani Eliashibu, aliyewekwa juu ya vyumba vya nyumba ya Mungu, akampa Tobia chumba kikubwa cha kukaa. Chumba hicho kilikuwa stoo. Ndimo zilimowekwa sadaka za unga, ubani, vyombo, pamoja na zaka ya nafaka, divai na mafuta iliyokuwa mgawo wa Walawi, waimbaji na mabawabu. Tobia alikuwa mtu mzito, mwenye jamaa na marafiki wakubwa, na aliwahi kuupinga ujenzi wa ukuta wa Yerusalemu. Stoo ikaondolewa, mheshimiwa akaingia na samani zake.

Nani kati yetu hajaona jambo hili? Chumba cha mazoezi cha vijana kinageuzwa ofisi ya mtu fulani. Ngoma zinahamishiwa chini ya ngazi, sare zinapelekwa nyumbani kwa mtu, na hakuna anayeuliza kwa sababu aliyepewa chumba ana jina. Nehemia aliporudi alikasirika sana, akavitupa nje vyombo vyote vya Tobia, akaagiza vyumba vitakaswe, akarudisha kilichokuwamo. Wahubiri tunapenda hasira hiyo, inahubirika. Mara nyingi tunaishia hapo, nayo ibada inaishia hapo.

Lakini mstari wa 10 unaendelea. Akagundua kwamba Walawi hawakuwa wamepewa mgawo wao, na kwamba wao pamoja na waimbaji walikuwa wamekimbilia kila mtu shambani kwake. Hawakuacha imani wala hawakugombana na mwalimu wa kwaya. Walikwenda kulima kwa sababu watoto hula. Na Nehemia, ambaye alikuwa mkali kwa mengi, hakuwakemea. Aliwashika wakuu, akataka kujua kwa nini nyumba ya Mungu imetelekezwa, kisha akawakusanya waliotawanyika na kuwarudisha mahali pao.

Hata Unguja hali hiyo imetokea. Mwaka 2016 tamasha la muziki la Sauti za Busara, ambalo tangu 2004 limekuwa likiujaza uwanja wa Ngome Kongwe, Zanzibar, kila Februari, halikufanyika. Fedha hazikutimia. Wasanii walikuwapo na nyimbo zilikuwapo. Kilichokosekana ni ule mgawo wa stoo, pesa za kuwalipa wanaosimamisha jukwaa na wanaolibomoa. Mwaka uliofuata likarejea. Mwaka 2019 chuo kile cha muziki nacho kilieleza hadharani kwamba fedha za wafadhili zimepungua na kwamba kipo hatarini kufunga milango. Mtu akisikia habari hizo husema sanaa inakufa. Mimi naona ni mabawabu walioelekea mashambani.

Sisi wa kanisani tuna dawa yetu ya haraka: tunamwambia mtu anajitolea, thawabu yake iko mbinguni. Kujitolea ni jambo jema pale mwenyewe anapolichagua. Paulo alishona mahema, ni kweli, lakini katika 1 Wakorintho 9 alitetea kwanza haki ya mtenda kazi kula kwa kazi yake, ndipo akaiacha ya kwake. Alisamehe iliyo yake. Hakusamehe ya mwenzake kwa niaba yake. Mzee wa kanisa anayelipwa posho ya kikao kisha akamhubiria fundi mitambo habari za thawabu ajisomee sura hiyo mwenyewe.

Tazameni Nehemia alivyomaliza. Aliweka watunza hazina: Shelemia kuhani, Sadoki mwandishi, Pedaya Mlawi, na Hanani wa kuwasaidia. Sifa iliyotajwa ni moja, kwamba walihesabiwa kuwa waaminifu, na kazi yao ikawa kuwagawia ndugu zao. Mara baada ya hapo anaomba: Mungu amkumbuke kwa neno hilo, asiyafute mema aliyoitendea nyumba yake. Ukuta wake ulimalizika kwa siku 52, na ungetosha kumpa mtu la kujivunia. Ila sala hii inafuata orodha ya wagawaji wa stoo.

Kamati ya fedha inakutana Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Katika rasimu ya bajeti kuna fungu la sare mpya na fungu la safari ya uinjilisti. La mtunza vyombo, fundi mitambo na mlinzi wa usiku halimo. Nimewaomba wazee wairudishe rasimu mezani, na yeyote mwenye risiti ya luku aje nayo.