Usimwachie Mwenzako Deni

Ndugu zangu wa Majengo, Gikomba na Shauri Moyo, nisikilizeni. Miongoni mwetu wamo waliozima simu. Walianza wawili wawili: wakachukua mitumba kwa mkopo, wakakodi kibanda, faida wakagawana nusu kwa nusu. Siku moja belo ikafunguliwa, kamera, zile nguo bora, hakuna; ni fagia tupu, yale mabaki. Mwenye mali akataka pesa zake. Mmoja akabadili laini akahama mtaa. Mwenzake yupo pale pale, na kila anayedai anajua mlango wake.

Wewe uliyehama, deni hilo ni lako! Sheria ya Ubia ya mwaka 2012 haiwaachi wabia wa kawaida nyuma ya jina la biashara. Deni la ubia linawafuata mpaka kwenye mali zao wenyewe. Wala usiseme hamkuandikiana. Watu wakifanya biashara pamoja wakitafuta faida, huo ni ubia, hata kama mlipeana mikono tu nje ya Msikiti wa Riyadha. Mdai akimpata mmoja aweza kumdai lote, kisha ni juu ya huyo kukutafuta wewe kwa fungu lako. Basi madalali wakitoa makochi na runinga nyumbani kwake, watoto wakitazama, jua kwamba na wewe umeshika upande mmoja wa lile kochi.

Utasema hasara yenu ilitokana na moto. Naujua moto wa Gikomba. Tarehe 28 Juni 2018 uliondoka na roho 15, na soko hilo limeungua kabla na baada ya hapo. Lakini belo zilizoteketea zilikuwa za wote wawili, na msiba wake ni wenu wote wawili. Mwenyezi Mungu amemwamuru anayedai ampe muda mwenye dhiki. Muda huo ataombaje mtu asiyeonekana? Jitokeze, useme sina, uonewe huruma. Aliyejificha hahurumiwi, na anamnyima hata mwenzake huruma ambayo angeipata.

Katika Sura Sad, kwenye kisa cha Nabii Daud na wale wawili waliogombea kondoo, tunafundishwa kwamba wabia wengi hudhulumiana, isipokuwa walioamini wakatenda mema, nao ni wachache. Wachache, ndugu zangu! Na Mtume wetu aliletewa maiti mwenye deni la dinari mbili, akajizuia kumsalia mpaka sahaba wake Abu Qatada alipolibeba. Dinari mbili! Wewe una laki ngapi, nawe unapanga safu ya mbele Ijumaa?

Na nyinyi mnaoanza ubia leo, andikeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya al-Baqara, inahusu kuandika deni. Sisi michango ya chama tunaiandika mpaka shilingi hamsini, halafu ubia wa laki mbili tunauachia "tunajuana". Fiqhi inasema hasara hufuata mtaji: aliyetoa robo abebe robo. Sheria ya nchi, msipopatana vingine, inawagawia sawasawa. Ukitaka hukumu ya dini yako, itie kwenye karatasi, maana Kadhi hatakuamulia hilo. Katiba, kifungu cha 170, imempa ndoa, talaka na mirathi. Deni la belo ni la Mahakama ya Madai Madogo, hadi shilingi milioni moja, na hukumu yake inatakiwa ndani ya siku 60. Na kumbukeni, maandishi yenu yanawafunga nyinyi kwa nyinyi. Mdai hayamzuii.

Ukitaka kutoka kwenye ubia, toka kwa kuaga. Wajulishe wanaowadai. Madeni ya kabla hujatoka bado ni yako, na ukiondoka kimya hata ya baadaye yaweza kukufikia, kwa sababu waliowakopesha waliamini ungalimo.

Basi rudi wiki hii. Usingoje pesa zitimie zote. Njoo na elfu mbili kama ndizo ulizo nazo, mketi na mwenzako na mwenye mali, hesabu zipigwe mbele ya mashahidi, muandike kila mmoja atalipa nini na lini. Nanyi jamaa za aliyehama, mnaojua aliko, msimfiche kwa jina la udugu. Mleteni, na kama hana kitu, mchangieni kama mnavyochangia harusi.